Kikwembe ya Onorabule

Siku ya kwanza, tarehe 3, mwezi wa pili

Nimetwanga sombe, majani ya muhogo ya kuuza, tangu kulipambazuka. Mukono ya kuume inauma. Sombe haiulizi mukono inasemaje.

Mvula imekuja mbele ya wakati yake. Imepiga site yote. Site ndio hapa tunakaa siye wenye tulikimbia vita ya Djugu, mahema juu ya mahema, pembeni ya Bunia. Ku maternite bâche yenye inafunika paa imepasuka tena. Mado, mwenye anazalisha wamama, aliweka beseni chini ya tundu. Mama iko nazaa, beseni iko nalia. Mutoto alitoka muzima. Tulisema aksanti Mungu. Lakini Mungu hakusema tuzalie watoto ndani ya beseni.

Solange, mujukuu yangu, iko na mimba. Mado anasema atazaa karibu na Pasaka. Pasaka ndio mvula inakuwa chefu wa inchi hii.

Mabati ya maternite iko. Ya nyumba ya masomo ya watoto pia. Watu wa musaada waliinunua Ariwara mwaka jana, wakaiweka mu mikono ya Onorabule Anselme, depite yetu ku bunge ya provense, juu yeye ndiye mukubwa wa komisio ya kujenga. Aifikishe. Bati moja tu walitangulia nayo, wakaipigilia juu ya robine ya maji tuone rangi. Bluu ya kuwaka. Bunia yote sijaona nyumba ingine ya rangi ile. Ile ingine, Onorabule anasema iko njiani.

Wamama ku robine wananiita Koko, juu nimezeeka, wananiambia: Koko, Onorabule si mutoto yako? Ni mutoto yangu. Dada yangu alimuzaa, akakufa, miye nikamulea. Sasa wanataka nimubebe ku mugongo tena?

Siku ya Mungu, tarehe 9, mwezi wa pili

Onorabule alikuja ku kanisa yetu. Gari yake nyeusi ilirushia wamama wa korali matope. Alikaa mbele, karibu na pasta. Miye pia nilikaa mbele. Mutu asinisogeze.

Walimupa mikrofoni. Sauti yake muzuri, sikatai. Ni miye nilimufundisha kusoma Zaburi kwa sauti, na miye niliishia mwaka ya tatu ya primere. Nilimusomesha na sombe. Akawa mwalimu. Kisha prezida wa vijana. Kisha akataka kuwa depite, akaanguka, akalia ku mukeka yangu kama mutoto ya kunyonya. Nilimwambia amuka, nawa uso. Mara ya pili akapita. Siku ile nilicheza mu barabara mpaka kiatu ilikatika.

Mu kampanye ile ya pili aligawa vikwembe yenye uso yake. Uso mbele, uso nyuma. Mama akijifunga, uso inaanguka pa matako. Tangu siku ile wamama wa Bunia wanamukalia depite yao, na yeye iko nacheka tu mu kitambaa.

Leo alisema barabara ni mubaya, mabati iko njiani, tuwe na uvumilivu ya Ayubu. Watu walisema amina. Miye sikusema. Ayubu alikuwa na nyumba mbele ya kuwa na uvumilivu.

Aliniachia sukari na sabuni. Sukari muzuri.

Siku ya tatu, tarehe 12, mwezi wa pili

Nilienda Marabo na Mama Jeanne kutafuta majani ya muhogo. Ile ya soko ya Bunia imezeeka na iko ghali. Motari alitubeba sote wawili na mifuko ku pikipiki yake. Mama Jeanne ni jirani yangu wa hema. Kinywa yake haina mulango, lakini moyo iko.

Mbele ya kufika soko, kando ya barabara, nyumba mupya. Ndefu. Milango inafuatana kama ya masomo. Na juu, bluu. Bluu ya robine yetu. Jua ilikuwa napiga pale mpaka tulifunga macho.

Motari alisimama bila kuambiwa. Sentineli mwenye analinda pale alikuwa inje nakula muhindi. Nilimwuliza nyumba ni ya nani. Alijibu na furaha yake yote: "Hoteli ya Onorabule, Koko. Watu wakubwa watalala humu."

Mama Jeanne alifungua kinywa. Nilimukanyaga muguu.

Tulinunua majani. Mpaka Bunia Mama Jeanne hakuongea, na ile ndio ilinitia woga.

Siku ya tano, tarehe 14, mwezi wa pili

Nilienda kwa Sele. Sele ni jina yake ya nyumba. Onorabule ni ya inje.

Bibi yake alitaka kunikalisha mu jiko. Nilikataa jiko. Nilijikalia mu salon, juu ya kiti yenye iko ingali na nailoni yake ya duka. Inalia ukijigeuza. Nilijigeuza mara mingi.

Alifika, akanipigia goti kama zamani. Nilimwambia: "Sele, nimeona Marabo." Hakushituka. Hii ndio wanajifunza kwanza kule ku asamble ya madepite. Alisema mabati ya hoteli ni yake, alinunua ku muuzaji moja na wale wa musaada, rangi kufanana haiko zambi. Nilimwuliza yetu iko wapi. Njiani. Njia gani? Alicheka. "Mama, politiki haiko sombe. Hauwezi kuijua."

Nilimwangalia. Mutoto nilifuta kamasi na mukono hii. Nilimwambia politiki na sombe ni ndugu: usipoitwanga muzuri, inakuharibia tumbo.

Akasema atanijengea kanyumba mu parsele yake, nyuma ya nyumba kubwa. Nilimwambia niko na nyumba, iko Djugu. Wakubwa kama weye mukifanya kazi yenu, nitarudi humo.

Nilirudi na miguu. Hasira inatembea mbio kupita motari.

Siku ya pili, tarehe 18, mwezi wa pili

Nilipeleka neno ku komite ya site. Mukubwa wa komite aliangalia mulango mbele ya kunijibu. Anasema bila ushuhuda tutafungwa siye. Kijana moja alisema kitu ku radio mwezi yenye ilipita, polisi wakamulaza ndani, akarudi bila viatu. Tena anasema Onorabule iko karibu kuwa minisitiri wa provense. Jina yake inatembea. Akiwa minisitiri, nani atamwuliza bati?

Waoga. Wanaume wa suruali tupu.

Mangaribi gari ya Sele ilileta chumvi, na ujumbe. Tarehe 8 ya mwezi wa tatu, siku ya wamama, anataka wamama wa site wapite mbele ya tribini na kikwembe yake, waimbe jina yake. Wakubwa wa Kinshasa watakuwa pale. Waone namna anapendwa.

Chumvi tulipokea. Chumvi haina kosa.

Siku ya Mungu, tarehe 23, mwezi wa pili

Kisha ibada wanaume walitoka, siye wamama tukabaki. Kila mutu alipiga kelele yake. Mama Jeanne alitaka tusiende kabisa. Mado alitaka twende bila kuimba. Niliwaacha wachoke.

Kisha nikasema: twende. Tuvae kikwembe yake, sote. Tufike mbele yake, tuifungue, tumurudishie mu mikono. Mutu yote wa hapa anajua: mama akikurudishia kitu ulimupa, anakuambia hamujuane tena.

Koko Leonia, mwenye amenipita umri na hana jino hata moja, aliuliza: "Na chini?"

Kila mama alielewa. Zamani, mutoto akizidi, mama mwenye alimulea alikuwa anafungua kikwembe mbele yake, mu watu, asibaki na kitu. Ile laana haina dawa. Haina pasta. Hata ndugu ya mutu ule hatakula naye mu sahani moja, na mahali anatia mukono panakauka. Leonia aliona moja mu utoto yake. Anasema mutu ule alimaliza maisha nachunga mbuzi ya wengine, peke yake.

Mado alisema siye ni Wakristo. Nilimwambia hata mbele ya kuwa Wakristo tulikuwa na haya. Chini tutavaa kikwembe ya wamama wa kanisa. Hakuna mutu ataona goti. Tunarudisha ya juu tu.

Leonia alisema basi ni vema, juu magoti yake inasikia baridi. Tulicheka mpaka pasta alikuja kuchungulia.

Siku ya tano, tarehe 28, mwezi wa pili

Sele alimutuma mwanaume kutufundisha wimbo. Mwanaume na filimbi ku shingo. Wimbo inasema Onorabule ni jua ya Ituri. Tuliimba muzuri sana, sauti ya chini na ya juu, mpaka mwanaume alitoa machozi. Mama Jeanne alimwuliza kama jua ile inaweza kukausha godoro ya maternite. Hakusikia, au alijifanya.

Siku ya posho, ya sita, tarehe 1, mwezi wa tatu

Mvula tangu jana. Maternite ilijaa mpaka ku kifundo ya muguu. Mado alikataa kupokea wamama. Jirani moja uchungu ilimushika, wakamuweka ku pikipiki wamupeleke hospitali kubwa. Hakufika. Alizalia barabarani, chini ya baraza ya duka ya mutu. Wako wazima wote wawili. Mwenye duka alifunga mulango ili asione.

Solange alisikia habari ile, akashika tumbo. Miye nilisema mahali pake, na yenye nilisema siiandiki.

Siku ya tatu, tarehe 5, mwezi wa tatu

Sele alikuja mwenyewe ku hema yangu. Aliinama kuingia, suti ikagusa matope. Nilifurahi kuona matope ile.

Hakuongea ya tarehe 8. Aliongea juu ya Solange. Anasema atamulipia klinike mu mji, chumba yake, kitanda yenye shuka, dokta. Solange azalie pale. Akasema: weye, Mama, ukae tu mustari ya mbele siku ya wamama, uimbe jina yangu, wakubwa wakuone.

Naandika ukweli, niliona ile yote. Kitanda yenye shuka. Dokta. Ni huyu mujukuu tu nimebaki naye. Mama yake tulimuzika Djugu na haraka, bila jeneza, mukeka tu. Neno "ndiyo" ilikuwa imefika ku ulimi.

Solange ndiye aliongea. Alikuwa nachambua maharagwe, hakuinua kichwa. "Mujomba, na wale wengine watazalia wapi?"

Sele aliangalia saa yake ya mukono.

Alipotoka nilimwambia atanikuta mustari ya mbele. Alifurahi. Sikumudanganya.

Siku ya tano, tarehe 7, mwezi wa tatu

Nimepiga pasi vikwembe mbili na pasi ya makaa. Ya uso yake, na ya kanisa. Nilipita juu ya jicho yake mara mingi, kunyanzi haikuisha.

Niko na woga? Kidogo. Yeye ni depite, miye ni wa sombe. Lakini ni miye nilimuonyesha kutembea.

Siku ya posho, tarehe 8, mwezi wa tatu

Niandike.

Bulevari, barabara kubwa ya mji, ilijaa. Fanfare ilikuwa napiga muziki. Walimu wa kike, wamama wa soko, wamama polisi na buti yao, kila kundi na kikwembe yake. Sele alikuwa ku tribini, kiti ya mbele, pembeni ya wakubwa wa Kinshasa. Suti mupya. Bibi yake na kofia kama sahani.

Tulipotokea, sote na uso yake, tumbo na matako, watu walipiga makofi. Alisimama. Aliinua mikono mbili kama mutu anaomba mvula. Akatuonyesha na kidole kwa wale wa Kinshasa: wale ni wangu.

Tulifika mbele ya tribini. Hatukuimba. Tulisimama.

Wamama wa muhogo wa soko, kundi yenye ilikuja nyuma yetu, walitugonga mu mugongo. Fanfare iliendelea kidogo, kisha trompeti moja ikabaki peke yake, kisha nayo ikaona haya.

Niliweka mukono ku fundo ya kikwembe. Hapa, ku kiuno. Koko Leonia akaweka yake. Mama Jeanne. Mado. Wamama wote wa site, mukono ku fundo.

Sele aliniangalia. Nilimwangalia. Rangi ilitoka mu uso yake, na hapo nikajua anawaza nini. Hakujua ya kikwembe ya chini. Aliona tu mama mwenye alimulea, mu watu, mukono ku fundo. Na anajua kichwa yangu ni ngumu.

Watu wa pembeni pia walielewa. Wanaume walianza kugeuza uso. Polisi moja alifunika macho na kofia yake. Mukubwa moja wa Kinshasa aliuliza jirani yake kuna nini, jirani akamunongoneza, na yeye akaanza kuangalia mawingu.

Nilivuta fundo. Kidogo tu.

Alishuka tribini mbio. Kiatu moja ilibaki ku ngazi. Alipiga magoti mu matope, akakamata mikono yangu mbili juu ya fundo, nguvu, kama wakati alikuwa mudogo na hakutaka niende soko.

"Mama, hapana. Nakuomba, usifungue. Mabati ya Marabo ni yenu. Ingine niliuza. Ingine iko mu depo nyuma ya nyumba yangu. Nitarudisha. Usifungue, Mama."

Binti wa radio alikuwa karibu yetu na mikrofoni, alikuja kuchukua wimbo. Alichukua hii. Mikrofoni ilikuwa imefungwa ku bafle ya fete, yenye inapaza sauti. Bulevari yote ilisikia Marabo. Bulevari yote ilisikia depo.

Na miye nilikuwa sijamwuliza kitu. Naandika tena juu inanipendeza: nilikuwa sijamwuliza kitu.

Nilimwambia: "Sele, achia mikono. Nilikuja kukurudishia kitambaa yako."

Nilifungua. Chini, kikwembe ya kanisa, imefungwa muzuri, mpaka ku kifundo ya muguu. Nilikunja ile ya juu, nikaiweka mu mikono yake. Leonia akaweka yake. Jeanne. Mado. Kila mama anakunja, anaweka. Rundo ilipanda mpaka ku kidevu, kisha ku pua. Hakuweza kusimama, hakuweza kuiweka chini. Uso yake mwenyewe ilikuwa inamuangalia toka kila pande.

Wa kwanza kucheka alikuwa ule polisi wa kofia. Kisha bulevari.

Ndipo tukaimba. Sikuwaambia. Tuliimba ile wimbo ya mwanaume wa filimbi, lakini pa jina ya Onorabule tulitia maternite. Maternite ni jua ya Ituri. Wamama wa muhogo waliimba na siye. Tulipita mpaka mwisho ya bulevari, mikono juu, Koko Leonia mbele, bila jino, na sauti kupita wote.

Siku ya Mungu, tarehe 9, mwezi wa tatu

Mwili yote inauma. Furaha pia inauma, sikujua.

Kanisa ilijaa mpaka inje. Radio inarudia "usifungue, Mama" tangu asubuhi. Watoto wa site wanaicheza: moja anashika kiuno, mwingine anapiga magoti. Niliwakaripia. Kisha nikaona kale kasichana kenye kananicheza miye kanajua kusimama. Nikawaacha.

Siku ya tano, tarehe 14, mwezi wa tatu

Wenzake mu asamble walinyoosha mikono, wakamuvua kinga yake ya udepite. Wote walinyoosha. Hata wale wenye walikula naye, na wao ndio walinyoosha juu kupita wengine. Alasiri watu wa parke, wale wa mashitaka, walimuchukua. Ile jina ya minisitiri imekufa njiani, sawa mabati yake.

Mama Jeanne alikuja nacheza kuniambia. Nilicheza naye, wamama wakaja, tukapiga masufuria. Tulimushusha mutu mukubwa na fundo ya kitambaa. Nani amekwisha kufanya ile?

Kisha nikaingia mu hema, nikakaa. Nilimuona Sele na shati nyeupe ya masomo, kifungo moja haiko, nimeshona ingine ya rangi. Nikalia kidogo. Nikatoka, nikacheza tena. Mambo mbili inaweza kukaa mu mutu moja.

Siku ya posho, tarehe 22, mwezi wa tatu

Mabati imefika. Kamioni moja toka Marabo, ingine toka depo. Ya Marabo iko na matundu ya misumari, fundi anasema ataziba na lami. Yenye aliuza, imekwenda. Masomo itangoja, na sitanyamaza juu yake. Maternite kwanza.

Mukubwa wa komite, ule wa kuangalia mulango, alikuwa juu ya paa na nyundo, nasema tulipigana sana. Nilimwambia apigilie. Kinywa haizuii mvula.

Vikwembe ya Onorabule, polisi walituletea mu mifuko toka bulevari. Mado anaikata, anafanya nepi. Kila mutoto mwenye anazaliwa hapa anamupa depite ripoti yake.

Siku ya ine, tarehe 3, mwezi wa ine

Solange amezaa. Mwanamuke. Kubwa, na hasira.

Mvula ilianguka toka uchungu ya kwanza mpaka mwisho. Kelele ya bati ilizidi, Mado alikuwa napiga kelele sukuma, na hatukumusikia, tuliangalia tu kinywa yake. Nilisimama katikati, nikainua uso. Nilingoja tone. Tone moja tu, nione. Hakuna. Beseni ilikuwa pembeni, kavu. Mutoto alioga humo.

Kisha wamama wenye mimba waliingia kuona paa, mikono ku tumbo, vichwa juu, kama watu wanaangalia ndege. Niliwaeleza namna ilifika. Wanajua. Waliniacha nieleze.

Solange anataka mutoto aitwe Bernadeta. Ni jina yangu. Nilijifanya nakataa.

Siku ya ine, tarehe 10, mwezi wa ine

Nilienda ku gereza. Mufungwa bila mutu hana chakula, hapa ndio hivi. Bibi yake alirudi kwao na kofia yake.

Nilipika sombe na mafuta ya ngazi, ile nyekundu, na samaki kidogo. Bugali. Sufuria niliifunga mu kikwembe, ile moja ya mwisho Mado hakukata. Uso ilianguka juu ya kifuniko.

Amekonda. Ndevu. Alikaa ku benchi, nikakaa. Mulinzi alitupa mugongo. Sele aliuliza Solange. Nilimwambia. Akauliza kama mutoto ni muzuri. Ni muzuri, iko na paji ya mama yako.

Mvula ilianza. Alisikiliza.

"Kule inavuja?"

"Haivuji."

Aliinamisha kichwa. Kisha aliuliza yenye nilijua atauliza: siku ile, kama angebaki ku kiti yake, ningefungua mpaka wapi.

Jibu yake, hata hapa siiandiki.

Nilisukuma sufuria mbele yake. Aliangalia fundo. Mikono ilibaki ku magoti.

"Fungua," nilimwambia. "Ni sombe."

Alifungua.